Maneno ya Mama Mkwe Ambayo Sikuyafikisha

Kuna siku moja ya baraza, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Ya harusi nimesahau hata rangi ya maua. Ya baraza nakumbuka mpaka vumbi lililokuwa kwenye viatu vya mgeni. Umeniambia wamekuchagua uwe katibu wa kundi la sola huko Rodi Kopany, na ingawa sikukuzaa mimi, umekuja kuomba baraka zangu. Nitakupa. Lakini keti kwanza, maana siku hizi sauti yangu inachoka upesi, na jambo hili sipendi kulisema nimesimama. Nimelisimulia mara chache sana. Kila nikilisimulia, siku hiyo sina nguvu ya kazi nyingine.

Mimi si mzaliwa wa huku ziwani, unajua. Nilikulia Awendo, baba yangu akifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari. Kwenye nyumba za wafanyakazi tulikaa kabila zote: Wajaluo, Wakuria, Wakisii, Waluhya, na mwenye duka alikuwa Mwislamu aliyetoka mbali. Sisi watoto tulicheza kwa Kiswahili na kutukanana kwa Kiswahili. Nilipoolewa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikaletwa kwenye kijiji hiki kilicho juu ya Sindo, watu wakaniita Nyar Sakwa, binti wa Sakwa, kwa sababu Awendo ni nchi ya Sakwa. Na Kiswahili changu kikawa kama cherehani nzuri kuliko zote kijijini: kila mwenye haja alikuja kukiazima. Akija mtu wa kilimo, naitwa nitafsiri. Akija mtu wa chanjo, naitwa. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na nitakuambia ukweli, nilipenda kuitwa.

Maji tulichota ziwani. Wewe umekua na bomba uani, kwa hiyo naomba uvumilie nikueleze. Ilikuwa ni kushuka na mtungi mtupu na kupanda na mtungi wa lita ishirini kichwani, njia yenyewe mawe matupu. Halafu miaka hiyo likaja lile gugumaji, likafunika ufuko wote kijani, likawa zuri kutazama kwa mbali na baya ukilikaribia. Ilibidi uingie mpaka kiunoni, ulitenge kwa mikono, ndipo uone maji, na hayo maji yananuka. Nilikuwa na watoto wawili wadogo na mimba ya tatu. Jioni nilikuwa nikiketi, sitaki mtu aniguse.

Mama wa mume wangu aliitwa Dorina. Alikuwa mjane, mwembamba, Mkatoliki wa kufunga na kusali, na mimi ni Msabato, kwa hiyo Jumamosi nilipopumzika yeye alikuwa shambani, na Jumapili alipokwenda misa mimi nilikuwa nafua. Hatukugombana sana. Ila alikuwa mwenye maneno marefu, na mimi nilikuwa na haraka. Akianza kueleza jambo, alianzia mbali kabisa, kwa nani aliolewa wapi na mvua ya mwaka gani ilikuwaje, na mimi natikisatikisa mguu nikingoja afike.

Lakini huyo Mama Dorina ndiye aliyekuwa amewakusanya akina mama wa kijiji, kabla mimi sijaja, wakapanda miti kando ya korongo. Korongo lilikuwa linashuka kutoka mlimani, linapita karibu na shule, na kila mvua lilikuwa linameza kipande cha shamba la mtu. Wakapanda mikasia, ile ambayo kwa Kijaluo tunaiita oyieko, na nyasi katikati yake. Miche waliibeba vichwani. Na kiangazi cha kwanza waliimwagilia kwa maji ya ziwani, mwanangu. Hayo hayo maji ya mtungi. Nilipofika, miti ilikuwa imeshakuwa mirefu kuliko nyumba na korongo lilikuwa limetulia, limeota majani.

Basi ukaja mradi wa pampu ya upepo. Ilikuwa mashine ya chuma, ndefu, juu ina mapanga yanayozungushwa na upepo, na yakizunguka yanavuta maji kutoka kwenye kisima kirefu kilichotobolewa ardhini. Hakuna mafuta, hakuna stima. Watu wa mradi walikuja kwanza kupima, wakaona maji yako chini ya ardhi mahali pawili. Pa kwanza ni huku chini, karibu na shule na barabara. Pa pili ni juu, kwenye nafasi iliyo kati ya vilima viwili, penye jiwe kubwa tunaloliita Kidi Rachar, yaani jiwe jeupe. Juu kulikuwa na maboma mengi, na wanawake wa huko ndio waliokuwa mbali zaidi na ziwa. Chini kulikuwa na shule, duka la naibu chifu, na boma letu. Kutoka langoni kwangu mpaka mahali penyewe ungeweza kumwita mtu bila kupaza sauti.

Injinia wa mradi aliitwa Bwana Mutua, mtu wa Ukambani, mpole, anayesikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alisimama kwenye kiwanja cha shule, nami kando yake, baraza limejaa. Akasema, "Maji yapo kote kuwili. Lakini mashine hii chakula chake ni upepo, na mimi upepo wa hapa siujui. Nimekaa hapa siku tatu tu. Nyinyi mmekaa hapa maisha yenu yote. Niambieni, tuiweke wapi?"

Nikatafsiri. Halafu Mama Dorina akainuka kule nyuma, akakaza leso kiunoni, akaanza kusema kwa Kijaluo. Nayakumbuka maneno yake yote, na ni haki niyakumbuke.

Alisema, "Mwambieni mgeni hivi. Hapa tulipoketi, sijawahi kuona mwanamke akipepeta mtama. Ukijaribu, makapi yanakurudia usoni. Tangu nilipoolewa, na kabla yangu mama mkwe wangu, tunapandisha mtama na wimbi mpaka Kidi Rachar. Upepo wa ziwa ukipanda mchana unapita pale kwenye nafasi ya vilima, mpaka ungo unaushika kwa mikono miwili. Huku chini unapita juu ya vichwa vyetu, hautugusi. Hata miezi ya mawingu, pale hauachi. Kama mashine yake inakula upepo, basi aipeleke kwenye chakula."

Watu wakacheka, kicheko cha kumpenda mzee. Kile kicheko ndicho kilichonipa nafasi. Nikamgeukia Bwana Mutua, nikamwambia kwa Kiswahili changu cha Awendo, "Mama anasema tunashukuru sana kwa mradi huu. Akina mama wote wamefurahi. Anasema nyinyi ndio mna elimu, popote mtakapoweka ni sawa."

Akaniangalia. "Amesema maneno yote hayo kushukuru tu?"

"Kushukuru kwetu huku ni kurefu," nikamjibu.

Akacheka na yeye. Naibu chifu, ambaye Kiswahili alikijua vizuri, akatazama kofia yake. Mwalimu mkuu akakohoa. Walikuwepo wengine pia waliosikia na kuelewa, lakini sitawabebesha kosa langu. Mdomo uliotumwa ulikuwa wangu. Naibu chifu akasema basi, kama wataalamu wanaona sawa, hapa karibu na barabara ndipo panapofaa, hata vyuma vitashushwa kwa urahisi. Watu wakapiga makofi. Mama Dorina alibaki amesimama kidogo, akinitazama, halafu akaketi.

Kwa nini nilifanya hivyo? Nimejiuliza mpaka nimechoka kujiuliza. Ningeweza kukuambia niliona aibu, mtu mkubwa ametoka Nairobi halafu anaambiwa habari za ungo na makapi. Ni kweli niliona aibu kidogo. Lakini sababu yenyewe ilikuwa mgongo wangu. Niliangalia pale mahali, nikaangalia lango langu, nikaona hatua chache tu. Nikajiambia upepo ni upepo, uko kila mahali, mzee huyu anajua nini kuhusu mashine.

Ujenzi ulichukua miezi. Wanawake wa juu walibeba mchanga kutoka ziwani kama sisi wa chini, wakaponda kokoto kwa nyundo, watoto mgongoni. Kulikuwa na mmoja aliyeitwa Mama Roselida, mnene, mcheshi, aliyekuwa akiongoza nyimbo. Alibeba mchanga kuliko mwanamume yeyote. Siku ya kusimamisha mnara wanaume walivuta kamba, akina mama wakaimba, na mchana ule mvua ilikuwa inakuja, upepo ukavuma wa kutupa mabati. Mapanga yakazunguka. Maji yakatoka. Mimi nilikaa na wageni, nikala nyama nao, nikatafsiri shukrani, na safari hii zilikuwa za kweli.

Nilifurahi, mwanangu, sitakudanganya. Nilijifungua mwezi uliofuata, nikawa namwogesha mtoto mara mbili kwa siku. Watoto waliiita ile mashine Yamo, yaani upepo, wakawa wanaisalimia wakienda shule.

Halafu dhoruba za mvua zikapita, na Yamo akasimama. Asubuhi angezunguka kidogo, polepole, kama mtu anayegeuza uji, kisha basi. Mchana, wakati ule ambao Mama Dorina alisema upepo wa ziwa unapanda, ulisikia mlimani nyasi zinalala, na huku chini mapanga yanaelekea huku, yanaelekea kule, hayajui yashike upi. Mitungi ilipangwa foleni toka shuleni mpaka duka la naibu chifu. Wanawake walianza kuweka mawe kushika nafasi, kisha kugombana juu ya mawe. Wale wa juu walikuwa wanashuka na watoto, wanangoja nusu siku, wanapanda na mtungi mtupu. Mwishowe wakaacha kuja. Wakarudi ziwani, kwenye gugumaji. Nilikuwa nawaona wakipita langoni kwangu. Mama Roselida alikuwa hatuimbii tena, anasema "Oyaore, Nyar Sakwa," umeamkaje, na kupita.

Sisi wa karibu tulipata maji kidogo, kwa kuwa tungeweza kuamka na kuchota yale ya alfajiri. Nilikuwa nachota nikijua ni ya nani.

Kamati ya maji ikaitisha kikao. Mimi ndiye niliyekuwa katibu. Naibu chifu akasema tatizo ni miti, ile mikasia ya kando ya korongo imezuia upepo, ikatwe. Fundi mmoja aliyekuja kupaka mashine grisi akasema inaweza kusaidia kidogo. Nilikuwa nimeshika kalamu. Nilijua kwamba si miti. Nilijua kwa sababu niliambiwa mbele ya watu wote, na nikayameza. Ningesema pale, miti ingepona. Lakini kusema pale kungekuwa ni kusema na yale ya kwanza, na mtoto alikuwa mdogo, na mume wangu alikuwa mjumbe wa kamati ameketi hapo hapo. Nikaandika: imekubaliwa miti ikatwe. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana siku hizo.

Waliikata kwa siku mbili. Kuni zilipelekwa shuleni. Mama Dorina hakutoka nyumbani siku zote mbili. Nilimpelekea chakula, nikamkuta anachambua maharage ambayo yalikuwa yameshachambuliwa.

Sitaki kuirefusha sehemu hii. Mashine ilizunguka nafuu kidogo kwa wiki chache, tukajipongeza. Kisha mvua za masika zikaja, nzito, siku baada ya siku, na korongo likaamka. Asubuhi moja tulikuta njia ya kwenda kisimani imekatika, na lile shamba la mtama la Mama Dorina, ambalo lilikuwa limeanza kutoa masuke, nusu yake haipo. Udongo ulikuwa umeshuka mpaka ziwani, ukaacha ukingo mwekundu kama kidonda. Akaenda kutazama nusu iliyobaki. Nilimwambia asubiri pakauke. Akasema mtama haujui kusubiri. Alikuwa amesimama ukingoni, akiinama kung'oa suke lililolala, ukingo ukaondoka naye.

Alivunjika nyonga. Wanaume walimbeba juu ya kitanda mpaka barabarani, akapelekwa Homa Bay kwa gari la samaki. Akarudi baada ya muda mrefu na magongo, lakini hakuwa na kazi nayo sana. Alikuwa mtu wa kitandani na wa kiti cha mlangoni. Mimi ndiye niliyemwogesha. Na maji ya kumwogesha, kwa kuwa njia ya kisimani ilikuwa imekatika na mashine imesimama, nilikwenda kuyachota ziwani, na mtoto mgongoni.

Nilikaa na jambo hilo kifuani miezi kadhaa. Nilikuwa namkanda miguu mchana mmoja, watoto wakubwa wakiwa shuleni, nikasikia mdomo wangu unasema wenyewe.

"Mama, siku ile ya baraza, sikufikisha maneno yako kwa injinia."

Hakushtuka. Aliendelea kutazama mlangoni.

"Nilisikia," akasema.

Sikuelewa. Nikamwambia, "Nilisema kwa Kiswahili, Mama. Nilimwambia unashukuru tu."

"Unafikiri samaki wangu niliuzia nani?" akauliza. "Kabla hujaolewa huku, nilikuwa napeleka omena Awendo, nauzia wakata miwa. Mkuria ataniongelesha Kijaluo? Kiswahili cha kuandika sikijui. Cha kushukuru nakijua. Uliposema nashukuru, nilisikia."

Mikono yangu ilisimama juu ya goti lake. Nikamuuliza, na machozi yalikuwa yameshaanza, "Mbona hukusema, Mama? Mbona uliketi?"

Alipojibu hakuanzia mbali kama kawaida yake.

"Nilitazama tumbo lako. Nilikuwa nakuona ukipanda kutoka ziwani, unashika kiuno, hujui kama nakuona. Nikasema, acha mtoto wa watu apumzike. Nikadhani ninachotoa ni maneno yangu tu ya Kidi Rachar. Sikuwafikiria wale wa juu. Sikujua natoa na miti." Akavuta pumzi. "Kwa hiyo tulikuwa wawili, wewe na mimi. Lakini mimi siwezi kusimama barazani tena, na wewe miguu yako bado ni mizima. Nenda ukawaambie."

"Watanichukia."

"Kidogo," akasema. "Endelea, hapo chini ya goti ndipo panapouma."

Bwana Mutua alirudi kukagua mashine kabla ya mwaka kwisha, na baraza likaitishwa kwenye kiwanja kile kile. Nilisimama. Nilisema kwa Kijaluo kwanza, kwa sababu ni wao niliowakosea, nikasema maneno ya Mama Dorina yote tangu makapi mpaka chakula cha mashine, na kwamba nilimwambia mgeni mengine, na sababu yangu. Sikutaja mtu mwingine. Kisha nikasema yote tena kwa Kiswahili. Nilipomaliza sikujua niangalie wapi.

Mama Roselida ndiye aliyeinuka kwanza. Hakupaza sauti. "Nyar Sakwa," akasema, "mchanga ule nilibeba na mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe amekua anakunywa maji ya gugu. Sasa mchanga wangu nimwambie nani anirudishie?"

Mpaka leo sijamrudishia, na yeye ameshatangulia mbele ya haki.

Naibu chifu alisema yeye hakuelewa chochote siku ile, alikuwa mbali. Mume wangu aliondoka kabla baraza halijaisha, na tulikaa wiki nzima tukipeana chumvi bila salamu. Bwana Mutua alikuwa ameinamisha kichwa vile vile. Nikamuuliza kama mashine inaweza kuhamishwa.

"Vyuma vinaweza," akasema. "Lakini kisima kikishatobolewa hakihamishwi, dada. Na huko juu hakuna kisima. Mradi ulikuwa na kimoja tu." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Hata mimi nilisikia maneno ni mengi kuliko shukrani. Ningeuliza mara ya pili. Nilikuwa nimechoka na jua, nikataka jibu."

Alipeleka ombi kwa wakubwa wake, najua, kwa sababu aliniandikia. Halikufaulu. Mwishowe kisima kikafungiwa pampu ya mkono, ya kusukuma kwa nguvu zako mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyotunywesha sisi wa chini miaka mingi. Wa juu waliendelea kushuka ziwani. Mapanga yalikaa juu yakipata kutu mpaka yakateremshwa.

Mimi nilitolewa ukatibu, na ilikuwa sawa. Wanawake walipoamua kupanda miti upya kwenye korongo, hakuna aliyeniita. Nilikwenda tu na jembe langu. Msimu mzima hakuna aliyenisemesha isipokuwa kunionyesha pa kuchimba. Mbuzi walikula miche mingi, kiangazi kikachukua mingine, tukapanda tena, na tena. Msimu wa pili Mama Roselida alinigawia kiazi chake wakati wa kupumzika, na mimi nikakila palepale. Mama Dorina alikuwa akiuliza kila jioni ni mingapi imeshika. Alifariki mingi ikiwa bado ya kufika gotini. Korongo limetulia kiasi tu, mwanangu. Ukipita huko utaliona, na ukiuliza, watu wa sasa watakuambia liliumbwa hivyo.

Basi nimekueleza kwa nini nachoka nikisikia neno mradi. Si kwamba nauchukia. Sola yenu ni jambo jema, na kuni zimekwisha vilimani, na macho ya watoto yamechoka na moshi wa taa. Nataka ifaulu. Ila nimeona jinsi jambo jema linavyoharibika, na halikuharibiwa na mwizi wala adui. Liliharibiwa na mtu aliyechoka, aliyetaka maji karibu na lango lake, na aliyekuwa na Kiswahili kizuri.

Kwa hiyo nisikilize. Watakuja wageni, wakuulize watu wako wanataka nini, na wewe utakuwa umekaa katikati, masikio ya huku na mdomo wa kule. Yule mzee mwenye maneno marefu akisimama, usimfupishe. Mwache aanzie mbali. Peleka yote, hata yale yanayochekesha, hata yale yanayokutia aibu, maana huwezi kujua ni lipi kati ya hayo ndilo jibu lenyewe. Mwulize anayefagia, anayepika, anayechota, kabla hujamwuliza mwenye duka. Na pakichaguliwa mahali panapokufaa wewe, mwanangu, simama useme kwa sauti kwamba panakufaa wewe, ili watu waamue wakijua. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, sema ungali na kosa moja tu. Mimi lile la kwanza nilililinda kwa la pili, na la pili ndilo lililokuwa na shoka.

Sasa inama, nikuwekee mkono. Mungu wa mama yako na wa baba yako akusimamie. Akupe masikio makubwa na mgongo wenye nguvu, usije ukalazimika kuchagua kati ya kupumzika na kuwa mkweli, na siku ukilazimika, akupe kuwa mkweli. Wazee wa Rodi Kopany wakuamini kwa sababu umestahili. Nuru mtakayoiwasha ifike mpaka nyumba ya mwisho kabisa, ile ambayo mgeni haonyeshwi. Nenda salama, mwanangu, na usiku mwema uwe wako na wa watu wote uliotumwa kuwasemea.